Kufunga swichi ya siri ya kuzuia wizi kwenye gari dogo au vani

Mwizi wa gari wa siku hizi si lazima avunje kioo na kuchokonoa waya chini ya usukani. Gari linalowashwa kwa kitufe huweza kuibwa na watu wawili wenye vifaa vya kukuza mawimbi, mmoja akisimama karibu na nyumba ulimo ufunguo na mwenzake akisimama karibu na gari, nalo gari likaamini kwamba ufunguo umelikaribia. Wengine huchomeka kifaa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi na kulifundisha gari ufunguo mpya, na mwaka 2023 watafiti wa usalama wa kompyuta walieleza hadharani njia nyingine, ambayo mwizi huingilia mtandao wa mawasiliano wa gari kupitia nyaya za taa ya mbele. Njia hizi zote huidanganya kompyuta. Swichi ya siri haidanganyiki kwa namna hiyo, kwa kuwa haizungumzi na kompyuta hata kidogo: ni waya uliokatwa, na umeme haupiti mahali palipokatwa hata kama kompyuta imekwisha kutoa ruhusa.

Kazi hii inamfaa mtu anayeweza kutumia maltimita (kipimo cha umeme) na kusoma mchoro wa umeme wa gari lake. Asiyeweza amkabidhi fundi wa umeme wa magari mwongozo huu na kumsimamia. Gari la umeme au la haiburidi lisiguswe kwa maelezo haya, kwa sababu nyaya zake zenye ganda la rangi ya chungwa hubeba umeme mkubwa unaoua. Mwenye vani ya kazi akumbuke pia kwamba swichi hii hulinda gari na wala hailindi vifaa vilivyo nyuma, ambavyo vinahitaji kufuli zake.

Hatua ya kwanza: kuchagua waya wa kukata

Kuna saketi mbili zinazofaa, ya pampu ya mafuta na ya stata, yaani mota inayoizungusha injini ili iwake. Kwa gari la petroli lenye gia za mkono ninapendelea pampu, kwa sababu stata iliyokatwa inaweza kukwepwa kwa kulisukuma gari na kuachia klachi. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, hivyo kukata waya mwembamba unaoamrisha stata kunatosha, tena kuna faida moja kubwa: swichi ikipata hitilafu safarini, injini inayozunguka haitazimika. Dizeli nazo ninazikata kwenye stata, hata zenye gia za mkono, kwa kuwa pampu ya shinikizo kubwa ya dizeli za kisasa hulainishwa na mafuta yenyewe, na kuizungusha ikiwa kavu kila mara mtu anapojaribu kuwasha ni kuichimbia kaburi.

Usikate umeme mkuu wa kompyuta ya injini, wala waya wowote wa breki. Nyaya za mifuko ya hewa, ambazo kwa kawaida huwa na ganda au soketi za manjano, usizipime hata kwa maltimita.

Hatua ya pili: vifaa

Utahitaji rilei, yaani swichi inayovutwa kwa umeme badala ya kidole, ya volti 12 yenye pini tano, iliyoandikwa ampea 40/30, pamoja na soketi yake; waya wa milimita za mraba 2.5 kwa njia ya pampu na wa 0.75 kwa njia ya swichi. Kishikizo cha fyuzi chenye fyuzi ya ampea 3. Viungio vya kubana kwa koleo. Mipira ya kufunika maungio inayonywea kwa joto. Na utepe wa kitambaa kama ule uliofungiwa nyaya kiwandani. Swichi yenyewe inaweza kuwa ndogo sana, kwa sababu haitabeba umeme wa pampu. Itabeba umeme wa koili ya rilei tu, ambao ni takriban ampea 0.15 hadi 0.2, wakati pampu nyingi za petroli hutumia kati ya ampea 4 na 10.

Hatua ya tatu: kuutambua waya

Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Kwenye magari mengi utaisikia pampu ikivuma karibu na tangi kwa takriban sekunde mbili, kisha inanyamaza ikisubiri injini izunguke. Mvumo huo ndio kipimo chako. Fuata mchoro wa gari kutoka kwenye fyuzi ya pampu hadi mahali waya unapopita ndani ya gari, chini ya zulia au nyuma ya kava la mlango, kisha ingiza ncha nyembamba ya maltimita kutokea nyuma ya soketi iliyo karibu, bila kutoboa ganda la waya, kwa sababu tundu dogo huingiza unyevu na kuota kutu miezi mingi baada ya wewe kusahau. Waya sahihi utaonyesha karibu volti 12 kwa sekunde zilezile za mvumo, utashuka, na utarudi injini ikiwaka.

Ukipata volti za ajabu zinazopandashuka, huenda gari lako lina moduli inayoongoza kasi ya pampu. Katika hali hiyo kata waya unaoingiza umeme kwenye moduli, si ule unaotoka kwenda kwenye pampu. Ikiwa umechagua stata, unatafuta waya unaopata umeme pale tu stata inapoamrishwa. Yanayofuata hapa chini ni yaleyale.

Hatua ya nne: kupanga pini za rilei

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Wengi hupitisha umeme wa pampu kati ya pini 30 na 87, yaani njia inayofungika rilei inapopata umeme, wakidai kuwa ni salama zaidi dhidi ya mwizi. Ni kweli, lakini maana yake ni kwamba rilei lazima ivutwe muda wote unapoendesha, na fyuzi ikiungua, au pini ya soketi ikilegea kwa mtikisiko, injini inazimika papo hapo. Rafiki yangu mwenye vani alizimikiwa hivyo katikati ya barabara ya mwendo wa kasi. Usukani ulikuwa mzito ghafla, breki ikabakiwa na nguvu ya kukanyagwa mara mbili tatu, na nyuma yake lilikuwako lori. Alinusurika, na chanzo kilikuwa kiungio kimoja kilichobanwa vibaya. Kwangu mimi, kifaa cha kuzuia wizi kikiharibika kinapaswa kuliacha gari liende. Afadhali mwizi apate nafasi ndogo kuliko dereva kukosa injini kwenye mteremko.

Kwa hiyo tumia pini 87a, ambayo imeungana na pini 30 rilei ikiwa imelala, yaani haijapata umeme. Upande wa waya uliokatwa unaoleta umeme uende pini 30, na upande unaoelekea kwenye pampu uende 87a. Pini 87 ibaki tupu na ifunikwe. Pini 86 ipate umeme kutoka kwenye saketi inayoamka ufunguo ukiwa ON, kupitia fyuzi ya ampea 3, na pini 85 ipite kwenye swichi ya siri kisha ifungwe kwenye bodi ya gari. Ikiwa rilei ina dayodi (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani yake, pini hizo mbili zisibadilishwe nafasi.

Swichi ikiwa wazi, koili haipati njia, rilei inalala na gari linaenda kama kawaida. Swichi ikifungwa, mtu yeyote anapogeuza ufunguo au kubonyeza kitufe rilei inavutwa na kuikatia pampu umeme. Kwa kuwa pini 86 hukosa umeme gari likiwa limezimwa, mpangilio huu hauimalizi betri hata gari likiegeshwa kwa wiki nzima. Mwizi akikisia na kuing'oa rilei kwenye soketi yake, bado hajapata kitu, kwa sababu njia ya 30 na 87a inaondoka na rilei.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Baadhi ya saketi zinazoamka ufunguo ukiwa ON, kama ya feni ya ndani au ya redio, hukatwa kwa muda stata inapozunguka ili betri isielemewe. Ukichukua umeme wa pini 86 hapo, rilei italala katika sekunde zilezile ambazo mwizi anazungusha stata, na kama ni stata uliyoikata, swichi yako haitazuia lolote. Pima saketi uliyoichagua wakati msaidizi anawasha gari, na uikubali tu ikiwa umeme wake haukatiki.

Hatua ya tano: kukata na kuunganisha

Ondoa kwanza kichwa cha betri cha upande wa hasi, na usubiri dakika kadhaa kabla ya kufanya kazi karibu na mifuko ya hewa, kwani mfumo wake huhifadhi umeme kwa muda. Kata waya mahali unapoweza kubakiza urefu wa kutosha pande zote mbili, endapo siku moja utataka kuurudisha ulivyokuwa.

Ninabana maungio kwa koleo maalumu na kuyafunika kwa mpira wenye gundi ndani. Kulehemu kunawezekana, ila lehemu huufanya waya kuwa mkavu pembeni mwa kiungo, na waya mkavu kwenye gari linalotikisika hukatika. Vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya sivitumii kabisa. Magari mengi yenye hitilafu za kujitokeza na kupotea niliyoletewa yalikuwa navyo. Waya wa bodi ufungwe kwenye chuma kilichosuguliwa rangi, kwa boliti iliyokazwa.

Rilei ikae mahali pakavu ndani ya gari, mbali na tangi na kifuniko cha pampu kilicho chini ya kiti, kwa sababu hutoa cheche ndogo inapoachia na mvuke wa petroli hauhitaji kubwa zaidi. Izungushie sponji, kwani mlio wake wa "ta" humwelekeza mwizi mwenye masikio. Tumia nyaya nyeusi kwa njia zote na uzifungie utepe wa kitambaa pamoja na fungu la kiwandani. Kazi nzuri ni ile ambayo fundi mwingine hawezi kuitofautisha na ya kiwanda. Nyaya nyekundu na za bluu zinazoning'inia ni ramani uliyomchorea mgeni.

Hatua ya sita: kuificha swichi

Sitaorodhesha sehemu ninazozipenda, kwa sababu orodha unayoisoma wewe yeye pia anaisoma. Nitataja masharti tu. Mkono wako uifikie ukiwa umefunga mkanda, la sivyo utachoka kuitumia baada ya mwezi mmoja. Goti, mtoto au mzigo visiweze kuifunga gari likiwa mwendoni, jambo ambalo kwa saketi ya pampu ni sharti lisilo na mjadala. Swichi inayohitaji kuvutwa kabla ya kusogezwa inasaidia sana. Isiwe karibu na sanduku la fyuzi wala chini ya usukani, ambako kila mtu huanza kutafuta.

Hatua ya saba: kujaribu

Rudisha betri na uache swichi wazi. Geuza ufunguo, sikiliza mvumo, washa, kisha tikisa nyaya na soketi ya rilei injini ikiwa inanguruma. Ikisitasita hata mara moja, rudia maungio. Endesha kwa nusu saa kwenye barabara mbovu kabla ya kurudisha makava.

Sasa zima na ufunge swichi. Ukigeuza ufunguo, pampu inapaswa kuwa kimya; kama ni stata uliyoikata, ni stata isiyopaswa kuzunguka. Usishangae injini ikishika kwa muda mfupi kisha ikafa, kwani mabomba bado yana shinikizo la mafuta yaliyobaki. Mimi huipenda tabia hiyo, kwa sababu mwizi hudhani amekutana na gari bovu na si gari lililolindwa. Usizungushe stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Taa ya injini inaweza kuwaka kwa kosa la shinikizo dogo, nayo hufutwa kwa kifaa cha uchunguzi. Mwisho wa majaribio pima umeme unaovuja betrini gari likiwa limelala: kwa magari mengi haupaswi kuzidi miliampea 50, ila ziache moduli zilale kwanza, na nyingine huchukua zaidi ya nusu saa.

Iarifu kampuni ya bima kabla ya kufunga, kwani mabadiliko yasiyotajwa yanaweza kuleta ubishi siku ya madai. Unapopeleka gari kwa matengenezo, acha swichi wazi na usiseme ilipo. Mchoro wa ulichofanya uuweke nyumbani, si kwenye droo ya gari.

Mfundishe pia mtu mmoja unayemwamini. Nimewahi kuitwa usiku na mteja aliyekuwa na hakika kwamba pampu yake imekufa, kumbe mkewe alikuwa ameazima gari na kuifunga swichi aliporudi, kama alivyoelekezwa. Na swichi yenyewe ikiharibika ikiwa imefunga, chomoa ile fyuzi ya ampea 3: rilei inalala na gari linaondoka. Ndiyo maana fyuzi hiyo nayo hufichwa kwa uangalifu uleule wa swichi, na isiwekwe sehemu moja nayo.