Nairobi hadi New York: namna ya kupata masafa na saa za angani

Tiketi ya ndege huandika saa ya kuondoka kwa majira ya mji unaotoka, na saa ya kufika kwa majira ya mji unaokwenda. Asiyejua hilo akitoa moja kwa nyingine, ataona Nairobi na New York ni mwendo wa saa 7 tu.

Chukua mfano wa tiketi ya Januari: kuondoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) 23:55 tarehe 14, kutua JFK (uwanja wa New York) 06:55 tarehe 15. Kwanza geuza saa zote ziwe za mji mmoja. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo ndege ikitua, Nairobi ni 14:55, yaani saa tisa kasoro dakika tano alasiri. Kutoka 23:55 hadi hapo ni saa 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa saa 7.

Masafa usiyapime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Tafuta tufe, hata la mtoto wa shule, ukaze uzi kati ya miji hiyo miwili. Rula itapita Mali na Mauritania. Uzi utapanda juu ya Chad, Algeria na Morocco ndipo uingie Atlantiki. Ni kama kilomita 11,800. Gawa kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa, upate saa 13 na kidogo. Zinazobaki huliwa na kupaa, kusubiri zamu ya kutua, na zaidi ya yote upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi. Ndiyo maana kurudi Nairobi huwa kama saa 14. Ukipitia Doha masafa yanazidi kilomita 14,000, bado hujahesabu kusubiri ndege ya pili. Mama anapokuja kwangu New Jersey namkatia ile ya moja kwa moja, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, hata bei ikipanda.

Angalia sana tiketi za usiku wa manane. 00:10 tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15: msafiri atoke nyumbani tarehe 14 jioni. Kwetu Machakos hiyo ni kabla jua halijatua.

Halafu dawa. Mama humeza kidonge cha presha saa mbili asubuhi, na kwa tiketi ya 23:55 hapo ndege imekuwa njiani saa 8. Namwomba asiguse saa yake ya mkononi mpaka atue, na vidonge aviweke kwenye mkoba anaoingia nao, si kwenye sanduku. Akishafika, saa mbili asubuhi ya Nairobi ni saa sita usiku huku, kwa hiyo kabla ya safari tunamuuliza daktari wake namna ya kuisogeza saa ya dawa.