Kusoma Likizo Ndefu: Vitabu Vitatu vya Mwalimu na Mshauri wa Wanafunzi

Mwalimu anayefunga shule na vitabu saba mkobani mara nyingi hufungua vinne na hamalizi hata kimoja. Vitatu vinatosha, mradi uvichague kwa swali ulilonalo na uvisome kalamu ikiwa mkononi.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kutafuta kitabu

Pitia daftari la maksi na kumbukumbu za nidhamu. Mshauri apitie kumbukumbu zake za vikao ndani ya ofisi, asiondoke nazo. Tafuta kilichojirudia mwaka mzima. "Nataka kuwa mwalimu bora" si swali, kwa sababu kitabu chochote kitadai kulijibu. Swali ni kama hili: mbona wanafunzi wanafanya vizuri zoezi la Ijumaa, kisha wanasahau mada ileile kwenye mtihani wa mwisho? Au kwa mshauri: nifanyeje na mwanafunzi aliyeletwa kwangu kwa lazima, anayejibu "sijui" kwa kila kitu?

Hatua ya 2: Kimoja cha darasani, kimoja cha ushauri, kimoja cha wanafunzi

Kwa swali la kusahau, anza na *Why Don't Students Like School?* cha Daniel Willingham. Kilitoka 2009, ila tafuta toleo la pili la 2021. Kila sura huanza na swali la mwalimu na huishia kwenye mambo ya kufanya darasani, hivyo unaweza kuchukua sura moja tu na ukafaidika.

Kwa mwanafunzi asiyetaka kuongea, chukua *Motivational Interviewing in Schools* cha Stephen Rollnick, Sebastian Kaplan na Richard Rutschman, cha 2016. Mbinu yake, ya mazungumzo yanayomsaidia mtu kutaja mwenyewe sababu zake za kubadilika, ilianzia kwenye kuwasaidia watu wenye uraibu, na kitabu hiki kimeileta kwenye mazungumzo ya shuleni. Mwalimu wa darasa naye akisome, kwa kuwa mwanafunzi hufika kwake kabla hajafika kwa mshauri.

Cha tatu ni hadithi au riwaya ambayo wanafunzi wako wanaiazima sana, muulize mkutubi. Wengi hukiruka wakidhani ni burudani tu. Lakini mtoto asiyeweza kusema "nyumbani kuna shida" anaweza kuzungumza kwa nusu saa juu ya mhusika mwenye shida hiyohiyo, endapo nawe umekisoma.

Hatua ya 3: Kikague kwa dakika 15

Angalia mwaka na toleo, yaliyomo, kisha orodha ya marejeo. Kitabu cha saikolojia ya kujifunza kisichotaja utafiti hata mmoja, kirudishe.

Kuwa macho na vitabu vinavyowagawa wanafunzi katika wa kuona, wa kusikia na wa kutenda. Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za mgawanyo huo mwaka 2008, wala hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kwa mgawanyo huo kunaongeza matokeo. Mwalimu anayeuamini hupoteza saa nyingi akiandaa somo moja mara tatu.

Pia soma kitabu maarufu pamoja na kilichofuata baada yake. *Mindset* cha Carol Dweck (2006), kinachosema kwamba uwezo wa akili unaweza kukua kwa juhudi, bado kinafaa. Ila jaribio kubwa lililochapishwa 2019 katika shule za sekondari za Marekani lilionyesha kwamba somo fupi la mtandaoni juu ya wazo hilo liliinua wastani wa wanafunzi wenye maksi za chini kwa pointi 0.10 hivi, kwenye kipimo chenye kilele cha pointi 4 na kidogo. Ni faida ya kweli, lakini ndogo. Bango la "unaweza" ukutani halitafanya zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Gawa kurasa

Kurasa 240 kwa kurasa 20 kila siku ni siku 12. Pumzika wiki ya kwanza ya likizo, na acha wiki ya mwisho wazi kwa maandalizi.

Hatua ya 5: Soma, funga, andika

Hapa ndipo wengi hukwama. Kupiga mistari kwa kalamu ya rangi kunakupa hisia ya kuelewa, basi. Mwisho wa sura funga kitabu, andika mistari mitano ya unachokumbuka, kisha fungua usahihishe kwa rangi nyingine. Katika majaribio ya 2006 ya Roediger na Karpicke, watafiti wa kumbukumbu, waliorudia kusoma waliongoza baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliojipima bila kuangalia waliwazidi.

Hatua ya 6: Mshauri ajizoeze kwa sauti

Ujuzi wa mazungumzo haukai kichwani kwa kusoma kimya. Tafuta mwenzako acheze nafasi ya mwanafunzi kwa dakika 10. Akisema, "Sioni haja ya kuja shule," usimuulize "kwa nini?", maana "kwa nini" humfanya ajitetee. Mrudishie maana ya maneno yake: "Kwa sasa huoni shule inakupa nini." Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde tano utakuwasha. Uvumilie, mara nyingi sentensi ya pili ndiyo yenye jambo lenyewe.

Na kitabu kisikuvushe mpaka wa kazi yako. Dalili za kujidhuru au kunyanyaswa hazisubiri mbinu mpya: fuata utaratibu wa shule wa rufaa, yaani wa kumpeleka mtoto kwa wahusika, siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Ingiza badiliko moja kwenye andalio la somo

Moja tu. Kwa mfano, maswali matatu ya kufungulia kipindi, madaftari yakiwa yamefungwa: la jana, la wiki iliyopita, la mwezi uliopita. Dakika tano, majibu yasahihishwe papo hapo. Usiyatolee maksi, la sivyo wataanza kunakiliana. Wengi wakiacha swali la tatu wazi, liweke jepesi zaidi kesho yake, usiliondoe. Endelea hivyo wiki nne, kisha linganisha na maksi za mada ileile mwaka uliopita.