Kuongeza mita kwenye draiva: vyuma, kuruka na kasi ya fimbo

Katika gofu, draiva ni fimbo ya kupigia mpira mbali zaidi. Mpira hupaa mbali pale kichwa cha fimbo kinapoufikia kwa kasi kubwa na kuugonga kwa katikati ya uso wa kichwa hicho. Mkono uliojaa misuli peke yake hausaidii sana. Ukiongeza kasi ya draiva kwa kilomita 8 kwa saa, unaweza kupata mita 10 hadi 12 zaidi, mradi bado unaupata mpira katikati. Wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wanagofu wa kulipwa ya Marekani, huzungusha draiva kwa kilomita 185 hivi kwa saa. Mwanamume wa kawaida wa klabuni yuko karibu na 150.

Ugumu uko kwenye muda. Tangu fimbo ianze kushuka hadi igonge mpira ni kama robo ya sekunde tu, na mtu mwenye nguvu nyingi asiyeweza kuzitoa upesi hubaki nazo mwilini mpira ukiwa umeshaondoka. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuongeza nguvu, na kuzoeza mwili kuzitoa haraka. Kosa la kawaida ni kuzichanganya. Mtu anafunga kamba ya mpira mlangoni, anaigiza swingi (mzunguko wa kupiga mpira) polepole huku kamba ikimvuta, marudio 30, jasho linamtiririka. Kamba hiyo ni nzito mno kwa kasi na nyepesi mno kwa nguvu.

Anza na nguvu, siku mbili kwa wiki, zikipishana kwa saa 48 au zaidi. Zoezi la kwanza ni kuinua chuma kutoka chini, yaani dedilifti. Kama jimu ina chuma cha pembe sita, ingia katikati yake ushike vishikio vya pembeni, kwa sababu mgongo hupata nafuu kuliko kwa chuma cha kawaida. Chagua uzito unaoweza kuuinua mara 8, kisha inua mara 5 tu. Fanya seti 3 au 4 na upumzike dakika 2 hadi 3 kati yake. Seti zote zikikamilika bila mgongo kupinda, ongeza kilo 2.5 hadi 5 wiki inayofuata. Baada ya hapo fanya skwati ya mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mara 6 kila upande, kisha kusukuma (benchi au pushapu) na kuvuta (chuma kuelekea tumboni, au kujivuta juu ya nondo). Usiache kuvuta. Misuli ya mgongo wa juu na nyuma ya bega ndiyo inayofunga breki baada ya mpira kuondoka, na ikiwa dhaifu mwili wenyewe hukuzuia usiende kasi.

Mazoezi ya kulipuka hufanywa kabla ya vyuma, mwili ukiwa umepashwa moto kwa dakika 8 hadi 10 lakini bado una nguvu mpya. Ruka juu kwa nguvu zote, seti 3 za mara 4, ukitua kimya na kujipanga upya kabla ya kila mruko. Anayeruka juu sana mara nyingi ndiye mwenye fimbo ya kasi, maana kuruka na kupiga draiva vyote huanzia kwenye kuisukuma ardhi.

Kisha chukua mpira mzito wa mazoezi, wa kilo 2 hadi 4. Simama kiubavu, ukuta ukiwa upande wako wa kushoto kama unapiga kwa mkono wa kulia, umbali wa mita moja na nusu. Uweke mpira kwenye nyonga ya kulia, uhamishie uzito mguu wa kulia, halafu usukume ardhi. Nyonga igeuke kwanza, kifua kifuate, mikono iwe ya mwisho. Mguu wa kushoto ukaze na kunyooka wakati mpira unatoka. Miguu yote miwili ikibaki imepinda, nguvu inapotea magotini. Mpira ukielea kwa upinde kabla ya kufika ukutani, ni mzito kwako. Rusha mara 5 kila upande, seti 3, na upumzike dakika nzima au zaidi. Ukiona kasi imeshuka, acha hapo, hata kama hesabu haijatimia. Ukitumia mpira unaodunda, jihadhari na vidole, unarudi kwa fujo.

Mazoezi ya kasi ya fimbo hayahitaji mpira wa gofu. Geuza draiva, ushike ufito karibu na kichwa, uzungushe kwa kasi yote mara 5, kisha mara 5 upande usiouzoea, kisha igeuze tena na uzungushe mara 5 ukiishika kawaida. Rudia mzunguko huo mara mbili, ukipumzika dakika 2 katikati. Sikiliza mvumo: "vuuu" isikike kwa sauti kubwa kabisa mbele ya mguu wa kushoto. Ikisikika nyuma ya mguu wa kulia, umemaliza kasi mapema, kwa kawaida kwa kuanza na mikono. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Kama kuna rada ndogo ya kupima kasi ya fimbo, iwashe. Mtu anayeona namba huongeza bidii bila kuambiwa. Wiki za kwanza punguza idadi, kwa kuwa viwiko, mbavu na kiuno huchelewa kuzoea kuliko misuli. Maumivu makali ya ubavuni si ya kuvumilia, simamisha mazoezi ukapimwe.

Mwanagofu Mmarekani Bryson DeChambeau alipoongeza mwili na kushinda US Open ya 2020, mojawapo ya mashindano makubwa ya gofu, kwenye uwanja wa Winged Foot, wengi waliona ulaji na vyuma tu. Kule kupiga mipira kwa kasi yake yote, tena na tena, hakukuzungumzwa sana.

Wiki ya kawaida inaweza kuwa hivi: Jumatatu na Alhamisi kulipuka kisha vyuma, Jumanne kasi ya fimbo, Jumamosi kasi kidogo ikifuatiwa na mipira 15 ya draiva kwa nguvu zote, bila kujali inaelekea wapi, kisha 10 kwa mdundo wako wa kawaida. Hiyo 10 ndiyo inayofundisha mikono kuupata mpira katikati kwa kasi mpya. Vyuma vizito vya miguu visifanywe siku moja kabla ya mashindano. Msimu ukianza, punguza seti hadi nusu lakini acha uzito wa chuma ulivyo. Anayepunguza uzito huanza kupoteza nguvu ndani ya wiki chache. Pima kasi kila baada ya wiki 4, saa ileile, na fimbo ileile.