Nyumba ya bati Mombasa: namna ya kupunguza joto, hatua kwa hatua

Wateja wangu wengi wa Kisauni na Likoni hunipigia simu wakiulizia feni kubwa zaidi. Huwa nawaambia tuanze juu, kwenye bati. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Machi na Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi kabisa. Ukuta hupigwa kwa upande tu. Paa ndilo linalobeba jua lenyewe.

Hatua ya 1: Jua joto linaingilia wapi. Saa nane mchana panda juu ya kiti, usogeze kiganja karibu na bati bila kuligusa. Utahisi joto likikupiga. Hilo halikuletwa na hewa, maana hewa ya moto hupanda, haishuki. Ni mnururisho: bati likipata joto hurusha miali isiyoonekana, ikapita hewani mpaka ikutane na godoro au kichwa chako. Joto hupita pia ndani ya kitu kigumu, na huchukuliwa na hewa inayotembea, lakini huu mnururisho ndio unaowatesa watu wa nyumba za bati, na feni haiuzuii. Feni hukausha jasho, basi. Jioni rudia kipimo hicho kwenye ukuta wa magharibi.

Hatua ya 2: Paka bati rangi nyeupe. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto ndani ya bati. Ukiwa na pesa za kazi moja tu, fanya hii. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha chumvi ya bahari na vumbi kwa maji ya sabuni, acha pakauke, paka praima ya chuma, kisha mikono miwili ya rangi ya paa. Anza alfajiri, bati likishapata moto rangi hukauka kabla haijashika, na baadaye hubanduka. Miezi mizuri ni Agosti na Septemba, masika yamekwisha na joto la kaskazi bado. Rangi ikichafuka, osha tena, kwa sababu vumbi hula jua.

Hatua ya 3: Tundika foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa. Hapa ndipo naona kazi nyingi zikiharibika. Foili ikigandamizwa kwenye bati inakuwa chuma juu ya chuma, joto linapita moja kwa moja. Lazima pawe na nafasi ya hewa, angalau sentimita 2 au 3. Mimi huipigilia chini ya mbao za paa, upande unaong'aa ukitazama chini: uso huo hurusha miali kidogo sana, na ukitazama chini haushiki vumbi. Kisha acha matundu chini ya upenu na mengine karibu na kilele, hewa ya moto ipate pa kutokea. Yafunike kwa wavu wa kuzuia popo. Kabla ya kupiga msumari wowote zima swichi kubwa ya umeme. Foili hupitisha umeme, na waya uliotobolewa unaweza kuua.

Nchi za baridi hutumia foili hiyohiyo kuzuia joto lisitoke. Joto daima hukimbilia palipo baridi zaidi.

Hatua ya 4: Kinga ukuta wa magharibi kwa nje. Pazia la ndani limechelewa, joto limeshapita kioo. Weka kipande cha makuti au baraza nje ya dirisha, ukiacha uwazi kati yake na ukuta.

Hatua ya 5: Fuata upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Dirisha la upande huo liingize hewa, na tundu la juu kwenye ukuta wa pili liitoe. Mchana wa jua kali punguza kufungua. Ukuta wa matofali hushika joto hadi usiku, kwa hiyo fungua kila kitu nje kukishakuwa baridi kuliko ndani, na uelekeze feni dirishani itoe hewa nje.