Kabla Paka Wako Hajazaa: Jiandae kwa Mtoto Atakayedhoofika

Mtoto wa paka anayedhoofika hakupi muda wa kujipanga. Asubuhi yuko kwenye chuchu na wenzake, jioni amelala pembeni peke yake, mdomo umepoa, na usiku huohuo anaweza kufa. Ukianza kutafuta vifaa saa hiyo, umechelewa. Kila kitu kiwe ndani wiki moja kabla mama hajazaa.

Tangulia na mizani ya jikoni inayosoma gramu. Wengi huzaliwa na gramu 90 hadi 110, na anayenyonya vizuri huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Pima kila siku saa ileile na uandike. Wakifanana rangi, wawekee alama. Baada ya siku ya kwanza, asiyeongezeka ni wa kufuatiliwa kwa karibu, na anayepungua ni mgonjwa hata kama anatambaa na kulia kwa nguvu. Usitegemee macho, kwa sababu manyoya huficha wembamba mpaka hali iwe mbaya.

Baada ya mizani ni joto, na hapa ndipo watoto wengi hupotea bila sababu. Katika wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka ili ajipashe; joto lake lote hulipata kwa mama na ndugu zake. Andaa boksi lenye kuta ndefu, vitambaa vikavu vya kubadilisha, kipimajoto, na chupa ya maji ya moto ya kufunga kwa taulo. Ndani ya boksi hewa iwe nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi wiki hiyo. Chupa ikae upande mmoja tu, ili anayeona joto limezidi aweze kusogea.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mfugaji alishike: mtoto aliyepoa hapewi maziwa. Joto la mwili wake likishuka chini ya nyuzi 35, utumbo husimama. Maziwa hubaki tumboni yakichacha, au humpalia na kuingia kwenye mapafu. Huruma hutusukuma kumlisha haraka, na huruma hiyo huua. Mpashe joto kwanza, taratibu, kwa saa moja au zaidi. Kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, panafaa sana. Usimtumbukize kwenye maji ya moto. Akiwa amelegea, mpake tone la maji ya glukosi kwenye fizi. Maziwa yatafuata akishapata joto na kuanza kutafuta chuchu mwenyewe.

Maziwa yenyewe yawe ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Ya ng'ombe humharisha, na kuhara kwa kiumbe cha gramu 100 ni kukauka maji ndani ya saa chache. Uwe na chupa ndogo yenye chuchu, au bomba la sindano lisilo na sindano. Alishwe akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu, tone kwa tone, kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia. Maziwa yakitokea puani, acha, kisha mfunue mdomo uangalie kama kaakaa limepasuka.

Weka na pamba laini. Mtoto mchanga hakojoi wala hanyi bila mama kumlamba, kwa hiyo ukimlea wewe, mpanguse sehemu za nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu kila anapokula. Mkojo wa njano iliyokolea unaonyesha amepungukiwa maji. Fizi zilizopauka huenda ni viroboto wanammaliza damu: wachane kwa kitana chenye meno ya karibu, wala usimpake dawa ya paka wakubwa. Parasetamo haifai kwa paka wa umri wowote. Ni sumu kwake.

La mwisho ni namba ya daktari wa mifugo anayepokea simu usiku. Muulize mapema kama anatibu vichanga, maana si wote. Watoto wengine huzaliwa na kasoro ambazo hakuna malezi yanayoziponya, na ni daktari atakayekuambia. Ukienda kwake, chukua daftari la uzito, na umbebe mgonjwa pamoja na mama na ndugu zake wote, chupa ya moto ikiwa ndani ya boksi.