Kujiandaa kwa Picha za Kutangaza Kazi Yako Ikiwa Unaona Haya Mbele ya Kamera

Mtu aliyejiajiri, awe fundi cherehani wa Kariakoo, wakili aliyefungua ofisi yake au mwokaji wa keki anayepokea oda kwa WhatsApp, hufikiwa na siku ambayo wateja wanataka kuiona sura yake kabla ya kumkabidhi fedha zao. Kwa mwenye haya, siku hiyo ni nzito. Mimi hupiga picha za watu wa namna hiyo hapa Dar es Salaam, na nimeona kwamba picha zao haziharibiki kwa sababu ya sura, bali kwa sababu wanafika bila kujua watafanya nini wakiwa mbele ya kamera. Mwenye haya akiambiwa atabasamu hukakamaa, lakini akishika kazi yake mikononi husahau kwamba anatazamwa, na maandalizi yote ninayoyaeleza hapa yanalenga kumfikisha hapo.

Kwanza ni vyema ujue kwa nini huzipendi picha zako. Sura unayoizoea ni ile ya kwenye kioo, ambayo kulia kwake ni kushoto kwako, ilhali picha hukuonyesha kama wengine wanavyokuona. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Mita, Dermer na Knight, waliwaonyesha wanawake picha zao za kawaida na zile zilizogeuzwa kama kioo. Wengi wa wanawake hao walipendelea zilizogeuzwa, na rafiki zao wakapendelea za kawaida. Sababu ya pili ni umbali. Simu inayoshikwa kwa urefu wa mkono huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma, kwa hiyo usijipime kwa picha ulizojipiga mwenyewe. Mpiga picha anayesimama mita mbili au zaidi kutoka kwako, akitumia lenzi ya milimita 85 au inayokaribia hapo, atakupata ulivyo.

Wiki moja kabla, andika kwenye karatasi picha zitatumika wapi na zinamwambia nini mteja, kisha chagua vitendo vitatu au vinne unavyovifanya kila siku bila kufikiri: kupima kitambaa, kupiga pasi mshono, kumsikiliza mteja huku ukiandika vipimo vyake. Hivyo vitachukua nafasi ya mapozi. Wapo pia wanaozuiwa na jambo zito zaidi, yaani hofu ya kijicho au malezi yanayohimiza staha, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu avunje anachokiamini. Mikono ikiwa kazini, uso ukionekana kwa ubavu, au mtu akipigwa kwa nyuma akiwa ameinamia cherehani, picha hueleza kazi kikamilifu. Mwanamke anayetaka kupigwa na mwanamke mwenzake aseme hivyo tangu siku ya kwanza anapoulizia bei.

Mpiga picha mwambie wazi kwamba unaona haya. Mwombe mkutane kabla ya siku yenyewe, hata kwa nusu saa, akupige picha chache ambazo hazitatumika popote, ili siku ya kazi asiwe mgeni kwako. Kubalianeni nani atakuwepo, kwa kuwa kundi la watazamaji humwumiza mwenye haya kuliko kamera. Rafiki mmoja asiyecheka ovyo anatosha. Andikianeni pia kwamba hatachapisha picha yoyote bila idhini yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo sheria ya aina hiyo tangu 2019, lakini karatasi mliyotia saini wenyewe hutuliza moyo mapema zaidi.

Kuhusu saa, usikubali adhuhuri nje. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, na mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la mchana husimama utosini, likatia kivuli kwenye matundu ya macho na kukufanya ukunje uso. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni, mwanga huja kwa ubavu na joto huwa limepungua. Ndani ya nyumba, kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja na uzime taa za dari.

Nguo inahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kamera inayojipimia mwanga yenyewe ikikuta shati jeupe kwenye sehemu kubwa ya picha hupunguza mwanga, na uso mweusi ukazama. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wamechukia picha zao kwa kosa hili, wakidhani wao ndio wenye kasoro. Vaa rangi iliyokolea kiasi, au mwambie mpiga picha apime mwanga usoni pako. Epuka mistari myembamba iliyosongamana, kwa kuwa huonekana kama inatetemeka kwenye skrini. Kitenge chenye maua makubwa hakina tatizo. Kanga pia haina, ila soma jina lake kwanza, kwa sababu wateja wako watalisoma. Suka nywele siku mbili au tatu kabla, ngozi ya kichwa ipate kulegea, na mwanamume anyoe ndevu jana yake ili vipele vitulie. Beba leso ya kukandamizia jasho, kwani ukilifuta kwa kusugua poda itaondoka nalo.

Siku yenyewe, lipia saa moja na nusu badala ya nusu saa, na uombe kuanza na mikono na vifaa vya kazi. Picha za robo saa ya kwanza zichukulie kuwa za kuzoeana tu. Uso unapofikiwa, geuza mabega kidogo pembeni, weka uzito kwenye mguu wa nyuma, sogeza kidevu mbele kisha ukishushe kidogo sana, na utoe pumzi taratibu kabla ya kamera kulia. Macho yakianza kukaza, yafumbe, kisha yafumbue mpiga picha anapokuambia. Usitazame picha kila baada ya dakika, kwa maana ukianza kujikagua utaacha kufanya kazi na utakakamaa tena. Tazameni pamoja mara moja, katikati.

Usichague picha usiku uleule ukiwa umechoka. Subiri hadi kesho yake, ondoa zile ambazo macho yamefumba au nguo imekunjamana, kisha wape wateja wawili wanaokufahamu kumi zilizobaki wachague tatu. Wao wameuzoea uso wako ulivyo, si ule wa kwenye kioo, na wakiafikiana juu ya picha ambayo wewe ungeiacha, itumie kwa mwezi mmoja kabla ya kuamua kuibadilisha.