Bima ndogo haitengenezi gari lako
Jamani wenye magari, hii bima ndogo ya 118,000 mnayokata ili trafiki asiwasumbue inamlipa uliyemgonga tu, bampa na taa zako unajitengenezea mwenyewe. Ukitaka na lako lilipwe kata bima kubwa, kwa gari binafsi huwa ni kama asilimia 3.5 ya thamani, sasa hapo ndo watu wanajichongea, gari la milioni 15 mtu anaandikisha milioni 10 ili alipe kidogo, siku akigonga na hasara ni milioni 3 anahesabiwa milioni 2 kwa vile alikatia theluthi mbili tu ya thamani, na bado wanakata eksesi, yaani ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Afu ukishalipa usiondoke kwa wakala hivi hivi, ingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima Tanzania, weka namba ya gari uone imesoma, mi yangu ilikaa siku mbili haijasoma na hela nshatoa.